Kicheko Changu cha Alhamisi

Alhamisi, 6 Machi

Nimecheka tena leo kwenye televisheni. Mwenyewe nilikuwa jikoni nakwangua sufuria iliyoungua, sina hata tabasamu, na kule sebuleni nikajisikia — ha ha ha haaa, halafu ile kwikwi ya mwisho kama mlango usiotiwa mafuta. Kichanga nilikuwa nimembeba mgongoni. Akanyoosha shingo kuelekea sebuleni. Mama yake amembeba, na yeye anamtafuta mama kule kwenye kioo.

Niandike ilivyokuwa, maana nikizeeka nitadhani niliota. Mwaka jana, kabla huyu mdogo hajazaliwa, shoga yangu wa kazini — tunamwita Kipepeo, hatulii mahali — alipata nafasi mbili za kwenda kukaa kwenye ukumbi wanaporekodi "Bwana Funguo". Kipindi hicho nakipenda tangu kianze. Mwanamume ana nyumba mbili na wake wawili wasiojuana, mfuko umejaa funguo, kila wiki anakosea mlango. Basi tukaenda. Kuna bwana mmoja mwenye visikizio vikubwa, anainua kibao kimeandikwa CHEKENI, na watu wanacheka. Mimi sikungoja kibao. Nilicheka mpaka mpiga kamera akageuka.

Walipomaliza, yule wa visikizio akaniomba nibaki. Akanisimamisha mbele ya kipaza sauti, ukuta mtupu mbele yangu. Cheka kidogo, mama. Sasa cheka sana. Cheka kama umemfumania mtu. Cheka kama umekaribia kulia. Nikazicheka zote. Wakanipa fulana. Tangu hapo wananitoa kwenye mashine yao kila Alhamisi na kunimwaga juu ya mzaha wowote uliododa.

Leo wamenimwaga pale Bwana Funguo alipokanyaga ndoo. Ndoo! Sizoni ya nne na bado ni ndoo. Nisingecheka.

Baba watoto hakuwepo. Alipiga simu: kuna watu wamekwama kwenye lifti, jengo refu, na fundi mwenzake anaumwa. Kazi ya mume wangu ni lifti. Siku hizi watu wanakwama sana.

Jumapili, 9 Machi

Nimeangalia nusu ya filamu huku nikinyonyesha. Nusu nyingine nililala, lakini nadhani naijua. Mama wa kwenye filamu anaamka nywele zimechanwa. Mtoto wake analia mara moja tu, pale hadithi inapotaka alie, kisha haonekani tena mpaka siku ya harusi ya mtu fulani. Nani anambadilisha nepi muda wote huo? Na mwanamume wa kwenye filamu akikosea hukimbia mvuani kuomba msamaha. Wa kwangu akilowa ananiuliza taulo liko wapi.

Hata hivyo alikuwepo nyumbani leo, nisiseme uongo. Amelala mpaka mchana, akaamka, akambeba binti yetu mkubwa mabegani wakazunguka sebule mara kadhaa. Binti alifurahi mpaka akakohoa. Nikasimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi, nikajiambia, basi, yatosha hii.

Mama mkwe akaja. Akakaa kwenye kile kiti kinachoitazama televisheni, akasema ameambiwa na majirani zake kuwa mkwe wake anacheka kwenye vipindi. Nikasema ndiyo, mama, ni sauti tu. Akasema sauti ya mwanamke ikifika nyumba za watu, na habari za nyumba yake zitafuata. Kisha akaninyang'anya kichanga mkononi, akaniamuru nikalale saa moja, atashika yeye. Ndivyo alivyo. Anakuchoma, halafu anakupulizia.

Wakati naingia chumbani nilimuuliza mume wangu shati lake la bluu liko wapi, silioni kwenye nguo za kufua. Akasema lipo kabatini kazini. Sawa.

Jumanne, 11 Machi

Nitaandika polepole.

Pale kwenye duka la dobi mimi ni wa pasi. Kipepeo anapokea nguo mbele, wanaume wawili wanafua nyuma, mimi nanyoosha. Bosi ana sheria yake: kabla nguo haijaguswa na pasi, ikague vifungo vyote na mifuko yote, asije mteja akasema tumemharibia. Kwa hiyo kila shati nalipitisha vidole kuanzia kola kushuka chini. Sifikiri hata. Vidole vinakwenda vyenyewe.

Leo vikasimama kwenye kifungo cha tatu. Uzi wa kijani kwenye shati la bluu.

Uzi ule ni wangu. Uzi wa bluu ulikuwa umeniishia, nikakishona kwa kijani, na mume wangu akanung'unika kwamba nimemfanya kama bendera. Nikamwambia nani atakuja kukutazama kifungo cha tatu. Na nyuma kuna fundo ninalorudia mara mbili, kama alivyonifundisha mama. Nililigeuza. Fundo lipo.

Nikamuuliza Kipepeo, kama mzaha, hili la nani. Akasema la dada mmoja mteja mpya, mcheshi, si wa kuringa. Amesema ni shati la mume wake.

Kwenye vichekesho mke hugundua kwa rangi ya mdomo kwenye kola. Uvivu wa waandishi tu. Shati hili lilikuwa halina doa. Mtu amelitunza. Mtu ameona ni jema vya kutosha kulipeleka kwa dobi, wakati mimi nalifua kwenye beseni pamoja na nepi.

Halafu nikalipiga pasi. Kola kwanza, mabega, mikono, mgongo, na mbele nikazunguka kifungo kimoja kimoja kwa ncha. Halijawahi kunyooka vile. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote — kichwa kinaungua na mikono haina habari.

Jumatano, 12 Machi

Labda alimwazima mwenzake shati. Labda liliibwa kabatini. Labda kuna mwanamke mwingine mjini alishona kifungo cha tatu kwa uzi wa kijani na fundo la kurudia mara mbili.

Nimemtafutia visingizio vingi kuliko atakavyojitafutia mwenyewe.

Alhamisi, 13 Machi

Leo hakuna aliyekwama. Amerudi mapema, ameoga, amekaa katikati ya kochi na binti mapajani. "Bwana Funguo" akaanza.

Na mimi nikakaa. Ningekwenda wapi?

Leo mke wa kwanza, yule tunayemwita Bi Sufuria kwa sababu hawamruhusu kuonekana bila sufuria, amekuta mumewe amevaa shati asilolijua. Anauliza. Bwana Funguo anasema limebadilika rangi kwa jua. Bi Sufuria anafikiri, anafikiri, kisha anasema kweli jua limekuwa kali siku hizi. Na pale — pale hasa — wakanimwaga. Kile kirefu. Cheka kama umemfumania mtu. Ha ha ha haaa, na kwikwi.

Mume wangu akachukua rimoti, akaongeza sauti. Huwa anafanya hivyo kila nikisikika. Mama watoto, sikia, ni wewe huyo! Binti anapiga makofi. Kisha akajifuta macho kwa kucheka, akaniambia, "Lakini huyu mwanamke naye mjinga. Hivi mtu mzima anadanganywa na jua?"

Nikamwambia waandishi ndio wamemfanya mjinga, ili kipindi kiendelee. Angekuwa na akili, kingeisha siku ya kwanza.

Akasema nisichukulie mambo moyoni, ni komedi.

Nilikuwa nakipenda kipindi hiki. Nilikuwa nafikiri tunamcheka Bwana Funguo. Leo nimekaa nikatazama vizuri: yeye anakanyaga ndoo mara moja, basi. Anayechekwa muda wote ni yule mwenye sufuria. Na anayemcheka ni mimi.

Ijumaa, 14 Machi

Kichanga ana homa ya meno. Amenilalia kifuani siku nzima. Nimemwimbia, nimempooza kwa kitambaa. Hakuna filamu hata moja iliyowahi kuonyesha uzito wa mtoto mwenye homa. Ni kama amebeba mawe mfukoni.

Baba yake: watu wamekwama. Atarudi Jumapili.

Jumatatu, 17 Machi

Amekuja kuchukua shati.

Kipepeo alikuwa ametoka kidogo, bosi akaniita niende mbele nihudumie. Nikatoka na jasho la pasi. Mwanamke wa umri wangu, labda mdogo kidogo, mkoba wa kitambaa begani, amechoka kama watu wote. Akanisalimia vizuri. Akalikagua shati, akasema, eh, dada, hili mmelifufua. Mume wake atadhani ni jipya.

Nikamuuliza mume anafanya kazi gani. Mdomo ulisema wenyewe.

"Fundi wa lifti," akasema. "Simwoni Jumapili wala sikukuu. Siku hizi watu wanakwama sana, dada yangu."

Vilevile. Maneno yale yale, kama tumekariri darasa moja. Kumbe mimi nikiambiwa watu wamekwama, yuko kwake. Na yeye akiambiwa watu wamekwama, yuko kwangu, amelala mpaka mchana. Waliokwama ni sisi.

Juu ya kaunta bosi ana televisheni ndogo kwa ajili ya wateja wanaosubiri. Ilikuwa inatangaza "Bwana Funguo" ya Alhamisi. Yule dada akatabasamu, akasema hicho kipindi wao hawakikosi. Hasa anampenda yule mwanamke anayecheka, mwenye kwikwi. Akasema yeye hamcheki Bwana Funguo hata kidogo, anacheka kwa sababu ya yule. Ila mume wake ana vituko.

"Kila yule mwanamke akicheka," akasema, "anachukua rimoti anapunguza sauti. Nimemuuliza kwa nini, anasema kinamuumiza masikio."

Kisha akaigiza kile kicheko changu, na kwikwi yake, vibaya sana. Alikuwa anachekesha kweli. Nikajibana. Niliuma shavu kwa ndani, nikashika ukingo wa kaunta, maana ningecheka hata kidogo tu angenijua palepale. Akaniuliza, dada, wewe hukipendi? Nikasema nilikuwa nakipenda.

Ningetaka kumchukia. Hakunipa pa kuanzia. Alisema asante mara mbili, na kabla ya kutoka akaniambia nikapumzike, uso wangu umechoka.

Ningeweza kumwambia. Maneno yalikuwa yamefika kooni. Lakini kwa nini nimbebee mume wangu ulimi wake? Nimembebea watoto, nimembebea mama yake, nimembebea nguo. Hilo abebe mwenyewe.

Kwangu anaongeza. Kwake anapunguza. Nimelifikiria hilo njia nzima kurudi nyumbani.

Jumanne, 18 Machi

Nimempigia simu yule bwana wa visikizio. Namba ilikuwa kwenye mfuko wa ile fulana. Nikamwomba aniondoe.

Hakuelewa mwanzoni. Kisha akanieleza kwa upole, kama anayemweleza mtoto, kwamba mimi nimo kwenye vipindi vyote vilivyorekodiwa, hadi mwisho wa sizoni. Hawawezi kunichomoa kama mwiba. Nikasema ni kicheko changu. Akasema, mama, kicheko kikishatoka mdomoni ni cha kipindi.

Nikamwambia basi angalau wasiniweke juu ya Bi Sufuria. Akasema wanaoandika wanasema pale ndipo ninapofaa zaidi, kwa sababu mwanamke akimcheka mwanamke mwenzake, watazamaji hawaoni vibaya.

Kumbe wanajua. Mimi nilidhani wanaokota tu.

Jumatano, 19 Machi

Nimesema.

Kwenye filamu mke hutupa nguo za mume dirishani, zinaelea, muziki unapigwa. Mimi nimefanya kazi na nguo muda mrefu mno. Najua nani ataziokota na nani atazifua. Nilizikunja. Nilizipanga kwenye begi, suruali chini, mashati juu. Nikaliweka begi karibu na mlango, nikaendelea kuwaogesha watoto. Alipoingia nilikuwa namfunga binti taulo.

Aliuliza begi la nani. Nikampeleka binti chumbani, nikarudi, nikamwambia shati la bluu limetoka kwa dobi, limenyooka vizuri, mwenye nalo amelichukua juzi.

Kwanza akasema shati gani. Kisha akasema si ninavyofikiri. Kisha akakasirika, nani mwenye mdomo mrefu aliyeniletea maneno, ni yule Kipepeo, siku zote alimjua ni mchochezi. Kisha akakaa. Akashika kichwa. Akasema lilianza kama mchezo, akashindwa pa kushukia. Yule dada hajui lolote. Mimi sikujua lolote. Hakutaka kumuumiza mtu. Waandishi wa televisheni wangemwandikia vizuri zaidi ya hapo, na wale nawajua ni wavivu.

Nilitaka kulia lakini kichanga alianza kabla yangu.

Nikamwambia maneno niliyokuwa nimeyapanga tangu nikiwa kwenye pasi. "Nenda ukamwambie yule mwenzangu kwamba nipo. Mimi, na hawa wawili. Kwa mdomo wako, si kwa simu. Ukishamwambia, uje tukae tuongee. Sijasema nitakusamehe. Nimesema tutaongea. Usipomwambia, usiguse mlango huu."

Akasema namtaka amuue yule mwanamke. Nikasema mimi nimeambiwa na kifungo, na niko hai.

Akatoa simu mfukoni, akaitazama, akasema kuna watu wamekwama. Simu haikuwa imelia. Akachukua begi.

Nimefunga komeo. Lile la juu, ambalo hatujawahi kulitumia kwa sababu linakwaruza rangi.

Alhamisi, 20 Machi

Sikuwasha.

Kupitia ukutani kwa jirani nilijisikia mara mbili.

Ijumaa, 21 Machi

Mama mkwe amekuja. Nilidhani amekuja kunitukana, nikawa nimejiandaa. Alikaa kwenye kiti chake akatazama televisheni iliyozimwa, muda. Mwanawe yuko kwake, amelala sebuleni kwenye mkeka. Amemwambia mimi nimemfukuza. Nikamweleza sababu, bila kuongeza chumvi. Nikamweleza na sharti langu.

Akasema alivyomlea si hivyo. Akasema tena kwamba mwanamume hafungiwi mlango, mwanangu, atazoea nje. Kisha akauliza, "Na huyo mwingine, amekwisha kumwambia?"

Nikasema sijui, mama.

Akasema na yeye amemuuliza asubuhi, akageukia ukuta.

Akaondoka bila kunywa chai. Mlangoni alimbusu kichanga kisogoni, na mimi akanishika mkono kwa nguvu mpaka pete ikaniumiza.

Sijui alitaka kusema nini. Mwanawe ni mmoja tu. Na binti yangu akiniuliza baba yuko wapi, mimi nasema kazini. Tayari na mimi nimekuwa mwandishi wa kipindi.

Jumamosi, 22 Machi

Mchana. Naandika kwa mkono mmoja, kichanga yuko kwenye mwingine. Baba yao yuko nje ya mlango hivi sasa.

Ilivyokuwa ni hivi. Nilikuwa nakunja nepi mezani. Binti ameshajua kuwasha televisheni mwenyewe, akaweka chaneli ya marudio. "Bwana Funguo". Nikataka kumwambia azime, nikaona uso wake ulivyochangamka baada ya siku zote hizi, nikaacha. Amekaa karibu na kioo anaisubiri sauti yangu. Kila nikicheka ananigeukia, anaangalia mdomo wangu, anarudi kwenye televisheni. Mdomo wangu umefungwa.

Kisha ngazi. Hatua zake nazijua. Akajaribu ufunguo, kitasa kikazunguka, mlango ukagonga komeo. Akagonga kwa vidole viwili, kistaarabu, kama mgeni.

Nikasimama na kichanga nikasogea. Sikusema kitu. Kwenye televisheni Bi Sufuria alikuwa anasema sijui nini, na mimi nikacheka. Kile kirefu.

Akasema kutoka nje, kwa sauti ya furaha kabisa, "Mama watoto! Nakusikia unacheka. Nilijua tu, hasira zako hazilali. Haya, fungua."

Nilikuwa na mkono juu ya komeo. Sitajidanganya hapa. Mkono ulikuwa juu ya komeo na ulikuwa unataka. Ana sauti ile ya Jumapili, ya kumbeba mtoto mabegani. Nimechoka. Nataka mtu anishikie huyu niende bafuni peke yangu. Ni kitu kidogo sana, kuvuta chuma upande mmoja.

Nikacheka tena, kule nyuma yangu. Na yeye, huko nje, akacheka pamoja na mimi.

Hapo ndipo nikarudi. Nikaokota rimoti sakafuni. Kwanza nilitaka kuzima, kisha nikapunguza, kidogo kidogo, kama anavyofanya kule, mpaka mdomo wa Bi Sufuria ukawa unacheza bila sauti. Binti hakulia. Alinitazama tu.

Nje nako kukanyamaza. Nafikiri ndipo alipoelewa.

Nikauliza, si kwa kupaza sauti, maana mlango wetu ni mwembamba, "Umemwambia?"

Nimekaa mezani nimeandika yote haya na bado hajajibu. Hajaondoka. Naona kivuli cha viatu vyake kwa chini ya mlango, kimoja kimeegemea kingine. Mara moja amevuta pumzi kama mtu anayetaka kuanza, akaiachia.

Binti amekwenda kulala kifudifudi sakafuni, shavu limegusa sementi, anachungulia viatu. Ameniuliza kwa kunong'ona.

"Mama, baba amekwama?"